Mfuniko wa Rejeta Si Kizibo

Mteja mmoja mwenye Land Rover Series III alinijia gereji hapa Arusha na mifuniko mitatu ya rejeta mkononi. Gari linachemsha kila likipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, na maji yanachuruzika shingoni. Kila fundi aliyempitia alimbadilishia mfuniko tu. "Huu wa mwisho ni orijino kabisa, fundi," akaniambia. Orijino ulikuwa kweli, ila wa gari dogo la saluni la Kijapani.

Nikasubiri injini ipoe. Nikapaka grisi kidogo ndani ya shingo, pale raba ya chini ya mfuniko inapokaa, nikafunga, nikafungua. Raba ikatoka kavu, haina hata alama. Shingo za rejeta nyingi za Kiingereza za zamani zina kina cha inchi 1 hivi. Mfuniko ule wa Kijapani ulikuwa mfupi, haukufika chini. Springi ya mfuniko ilikuwa inaning'inia tu, gari linatembea bila presha.

Na kubana presha ndiyo kazi yenyewe ya mfuniko. Tanga maji yanachemka nyuzi 100. Ukingoni mwa Ngorongoro, karibu mita 2,300 juu, yanachemka kwenye 92 hivi. Yabane kwa presha ya paundi 9 kwa inchi ya mraba na hukohuko juu yatavumilia hadi karibu 109. Ndiyo maana gari lisilo na tatizo Pwani linaweza kukuaibisha Karatu.

Usiniambie basi tuongeze presha. Nilishafanya ujinga huo kwenye Peugeot 504: niliweka mfuniko ulioandikwa 1.1, na jioni tangi la juu la rejeta likaachia pale lilipolehemiwa. Namba hizo ni kilo kwa sentimita ya mraba. Hata mfuniko ulioandikwa 0.9 ni karibu paundi 13, si 9, na hapo wengi huteleza.

Kuna na uvujaji ambao si uvujaji. Gari la zamani lisilo na chupa ya akiba, ile inayopokea maji ya ziada, likijazwa mpaka mdomoni, maji yakipata moto yanatanuka na ziada inatoka kwa kile kimpira cha pembeni. Mwenye gari anajaza tena kesho, yanamwagika tena, anaenda kununua mfuniko. Acha vidole viwili chini ya shingo, basi. Lenye chupa linataka mfuniko wenye raba ya juu pia, la sivyo likipoa linavuta hewa badala ya maji. Na ukikuta asubuhi mpira wa juu umenywea, vali ndogo ya katikati ya mfuniko imeganda.

Ukishaweka mfuniko sahihi na maji bado yanarushwa, washa injini ikiwa ya baridi, mfuniko ukiwa wazi, uchungulie. Mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeharibika. Kung'oa thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata moto, hakutaiponya, ingawa kuna mafundi wanaanzia hapohapo.

Ile Land Rover nilisugua kikalio cha shingo kwa msasa laini, maana kutu ilishaanza kukila, nikaweka mfuniko mrefu wa paundi 9. Grisi ikaacha duara zima kwenye raba. Mifuniko yake mitatu aliniachia, na sasa vijana wa gereji wanafanyia mazoezi.