Kuboronga: maana na matumizi yake

Kuboronga ni kufanya kazi ovyoovyo hadi ikaharibika. Fundi huboronga plasta, fundi cherehani huboronga suti ya watu, lakini hapa Nairobi neno hili limeshikana zaidi na lugha: ameboronga insha, tangazo limeborongwa, acha kuborongaboronga sarufi.

Ndugu yake wa karibu ni kulipua, na wengi huyatumia kama kitu kimoja. Mimi nayatenganisha. Anayelipua ana haraka, anataka amalize aondoke. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ana dakika 105 za kuandika insha mbili, kila moja maneno 400 hivi. Akiimalizia ya kwanza muda wote, ya pili atailipua tu. Kuboronga hakuhitaji haraka. Mtu anaweza kushinda na ukurasa mmoja kutwa nzima, mawazo yako kwingine, na bado akauboronga. Kuna na kubananga, ambalo hupendwa na wanaolalamika kwamba vijana wanabananga Kiswahili.

Maandishi yaliyoborongwa hayajifichi. Bango la dukani linasema "Hapa tuna uza simu", kiambishi kimekatwa kikaachwa peke yake. Au "ata" mahali pa "hata". Hayo msomaji huyavumilia. Balaa ni pale herufi moja inapogeuza maana: "ushauri huu utakufaa" ukidondosha a ya mwisho, mteja anasoma "utakufa". Na lilikuwa jambo la kusoma tena mara moja tu kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji.

Kuna matumizi ya neno hili nisiyoyakubali. Geti limeandikwa "Mbwa kali", mtu anapita anacheka: wameboronga, ilipaswa kuwa mbwa mkali. Kwa sanifu, naam. Lakini aliyeandika hakuwa mzembe. Ndivyo mtaa unavyosema, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza maana yake. "Kitabu yangu" ni vivyo hivyo, na Sheng ndiyo usiseme. Kwenye karatasi ya mtihani hayo ni makosa ya upatanisho wa kisarufi, yakatwe alama. Ila anayeandika alivyozoea kusema amekosea sanifu, hajaboronga. Aliyeijua kanuni akaiandika shaghalabaghala kwa kutojali, huyo ndiye neno linamfaa, na ndiyo maana mwanafunzi akiandikiwa "umeboronga" pembeni mwa insha hununa kuliko akiandikiwa "umekosea".