Kinyonga hapasuki akizaa

Juzi nimeitwa tena, safari hii Ngaramtoni, nje ya mji wa Arusha. Jike la kinyonga lilipigwa jiwe kwenye migomba, tumbo limejaa. Mama mwenye shamba akanieleza kwa upole: "Mwanangu, huyu angekufa tu. Kinyonga akizaa hupasuka." Nimesikia maneno hayo Sakina, Tengeru, Usa River, hata kwa walimu.

Hapasuki! Huyu wa pembe tatu wa Mlima Meru, Trioceros jacksonii merumontanus, hubeba mimba miezi 6 hadi 9. Siku ikifika hutembea juu ya tawi, na watoto hutoka mmoja mmoja chini ya mkia, kila mmoja ndani ya utando mwembamba wenye ute. Utando hunata kwenye jani. Mtoto hujinyoosha, huupasua, huondoka kwa miguu yake. Kinachopasuka ni utando. Mama anabaki mzima, na anaweza kuzaa tena bila kupandwa upya, kwa mbegu za dume alizohifadhi mwilini.

Wengine hunijibu kwamba wamemwona akichimba shimo na kutaga. Huyo ni Chamaeleo dilepis, wa huku chini tambarare, anayefukia mayai kwa makumi. Akimaliza amekonda, ngozi imelegea, na wapo wanaokufa kwa uchovu. Nimewahi kuokota mzoga wenye mayai yaliyokwama. Kwa hiyo ndiyo, uzazi huua baadhi yao. Ila tumbo la yule niliyemwokota lilikuwa zima.

Kwa nini mmoja azae na mwingine atage? Tulifundishwa kwamba ni baridi: udongo wa mlimani hauatamii vizuri, basi mama huwabeba watoto na kuwaotea jua. Nami nimefundisha hivyo miaka mingi. Lakini misitu hiyohiyo ya Meru na Kilimanjaro ina Kinyongia tavetana, wa pembe mbili, na yeye hutaga. Baridi ileile, udongo uleule. Siku hizi nawaambia wanafunzi kwamba baridi ni sehemu ya jibu, na kwamba ukoo wa mnyama nao una neno lake. Zaidi ya hapo sithubutu kuapa.

Yule wa Ngaramtoni nilimpasua kwa wembe, palepale kibarazani, ili mama mwenye shamba aone. Watoto walikuwa 7, wamejikunja kila mmoja kwenye utando wake, macho na kucha tayari. Mama aliwahesabu mara mbili, kisha akaniuliza walikuwa wamebakiza siku ngapi.