Seramu za Kikorea Zenye Spikuli: Yanayosemwa Kigoma na Yaliyo Kweli

Anayetaka kujua jinsi seramu hizi, yaani vimiminika vya kupaka usoni, zinavyoeleweka hapa Kigoma asimame kidogo kwenye duka la vipodozi pale Mwanga. Mnunuzi hupaka tone mgongoni mwa mkono na kulisugua. Akichomwa husema ni orijino, asipochomwa huirudisha chupa. Kinachomchoma ni spikuli, yaani miiba midogo mno isiyoonekana kwa macho, inayotoboa ngozi ya juu ili viambato vya seramu vipenye, ambayo mara nyingi hutokana na sifongo, mnyama wa majini ambaye mwili wake hushikiliwa na miiba ya silika, madini kama ya mchanga. Ndiyo maana kwenye orodha ya viambato huandikwa Hydrolyzed Sponge. Ziwa Tanganyika nalo lina sifongo wake walioshikamana na miamba, lakini asije mtu akawasaga nyumbani, kwani miiba ya kiwandani husafishwa kwanza, ilhali hiyo ya kienyeji itakuja na vijidudu vyake.

Dhana: Ikichoma zaidi ndivyo inavyofanya kazi zaidi.

Ukweli: Mchomo unaonyesha tu kwamba miiba imeingia kwenye tabaka la juu la ngozi. Hausemi lolote kuhusu ubora wa viambato vinavyopita kwenye vitundu inavyoacha, wala hauthibitishi uhalisi wa chupa, kwa sababu hata bidhaa ya kughushi inaweza kutiwa kitu cha kuwasha. Kuhisi vichomo unapougusa uso, hata kesho yake, ni jambo la kawaida, na miiba hutoka yenyewe kadiri ngozi ya juu inavyojivua. Moto unaozidi badala ya kupungua, uvimbe au malengelenge si kawaida: suuza kwa maji mengi bila kusugua, kisha achana na seramu hiyo.

Dhana: Namba kubwa kwenye chupa ni ya ngozi sugu, hivyo ngozi nyeusi ianzie huko.

Ukweli: Reedle Shot ya kampuni ya VT, kwa mfano, huuzwa kwa namba kama 100, 300 na 700, ambazo hupanda kulingana na kiasi cha miiba, kadiri namba inavyopanda, ndivyo siku za kupaka zinavyopaswa kupungua. Ngozi yetu ikiumizwa huacha weusi kwa urahisi, kwa hiyo ni sisi hasa tunaopaswa kuanzia chini, usiku mara mbili kwa wiki, tena bila retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka) wala asidi za kukwangua usiku huohuo.

Dhana: Seramu moja inatosha kwa kila tatizo la uso.

Ukweli: Chunusi zenye usaha hazichomwi miiba, hizo zianze na benzoili peroksaidi au asidi ya salisiliki. Ukurutu, fangasi, vidonda na ngozi iliyotoka kunyolewa navyo visichomwe miiba. Madoa yanayobaki baada ya chunusi kupona ndiyo yanayoweza kufaidika, hasa seramu ikiwa na niasinamaidi (vitamini B3), na ngozi kavu itafute yenye asidi ya hayaluroniki, inayoshika maji, pamoja na krimu nzito ya kufunika juu yake. Makovu yenye mashimo ni kazi ya kutobolewa kwa visindano kliniki, vinavyofika kwenye tabaka la ndani ambako kolajeni, protini inayoimarisha ngozi, hutengenezwa. Miiba hii haifiki huko. Kuhusu mabaka ya mashavuni yanayowapata wengi wakati wa ujauzito, ningeshauri kuyaacha kabisa, kwa sababu kuyachokoza huweza kuyakoleza.

Dhana: Ukiipaka kabla ya mkorogo, uso hung'aa upesi.

Ukweli: Hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote, na kwa bahati mbaya ina chembe ya mantiki, kwani ni kweli kwamba miiba hurahisisha vitu kupenya. Tatizo ni kinachopenya. Mkorogo huweza kuwa na zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi na kudhuru figo. Au haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kudumu. Au steroidi kali kama klobetasoli, ambayo hukondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana. Ngozi iliyokwisha kukondeshwa hivyo haifai kutobolewa hata kwa namba ya chini kabisa. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Aliyezoea krimu ya steroidi amwone daktari kabla ya kuiacha, kwa kuwa kuiacha ghafla huweza kuuwasha uso vibaya.

Dhana: Kwa kuwa inapakwa usiku, jua la mchana halihusiki.

Ukweli: Mama anayeanika dagaa Kibirizi tangu asubuhi, akiwa amepaka spikuli jana yake, anaipeleka juani ngozi ambayo bado ina vitundu na miiba. Anahitaji losheni ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, ikiwezekana yenye rangi ya udongo, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa, na juu yake kofia pana au khanga. Asiye na fedha ya vyote viwili anunue losheni, seramu isubiri.

Dhana: Tarehe iliyopita kwenye chupa maana yake imeharibika.

Ukweli: Wakorea huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Tarehe ikifuatwa na maandishi 제조, hiyo ni ya kutengenezwa. Ikifuatwa na 까지, hapo ndipo mwisho wa kutumika.