Jiwe kubwa la figo: kulivunja ni rahisi, kazi ni kulitoa

Wagonjwa wengi hapa Moshi hufika na bahasha ya CT scan wakiuliza kwa nini wasipigwe tu mawimbi ya kupasua jiwe kutoka nje ya mwili, warudi nyumbani jioni. Kwa jiwe la milimita 8, mara nyingi nakubali. Likizidi milimita 20 nakataa, hata kama mashine inaweza kulipasua.

Tatizo ni vipande. Mawimbi huviacha humo humo, vishuke vyenyewe hadi kibofuni kupitia mrija wenye upenyo wa milimita 3 au 4. Jiwe kubwa hutoa vipande vingi. Hujipanga foleni mrijani, mkojo unaziba, figo inavimba. Jiwe gumu, la zaidi ya uniti 1,000 za Hounsfield (kipimo cha msongamano) kwenye CT scan, huenda lisipasuke vizuri hata kidogo.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni tundu la mgongoni, linalofika moja kwa moja kwenye figo. Mgonjwa hupewa nusu kaputi na kwa kawaida hulazwa kifudifudi. Sindano huongozwa kwa eksirei au ultrasaundi hadi kwenye kikombe cha figo, yaani kijichumba kinachokusanya mkojo, na lazima ipite kwenye ncha ya kikombe. Ikiingilia shingo ya kikombe inakutana na mishipa mikubwa ya damu. Waya hufuata, kisha njia hupanuliwa hadi milimita 8 au 10. Jiwe hupondwa kwa nyundo ya hewa au ultrasaundi, ambayo pia hunyonya unga, na vipande hutolewa kwa koleo palepale.

Maji ya kusafishia ni ya chumvi, asilimia 0.9, yaliyopashwa joto la mwili. Maji matupu yakiingia kwenye damu hupasua chembe nyekundu na kushusha sodiamu. Chupa ikitundikwa juu mno, presha ndani ya figo husukuma bakteria kwenye damu, na usiku homa inapanda. Ndiyo maana sishangilii kila tundu dogo la milimita 5 hadi 7: damu inayopotea hupungua, lakini maji yakikosa pa kutokea presha inapanda haraka.

Sindano ikipita juu ya ubavu wa 12 inaweza kugusa utando wa pafu. Mgonjwa akipumua kwa shida, piga eksirei ya kifua. Damu ya siku ya kwanza mara nyingi hukoma yenyewe. Ya kuogopa ni mkojo mwekundu unaoanza upya wiki moja au mbili baadaye, mgonjwa akiwa amesharudi Simanjiro. Huenda mshipa umevimba na kupasuka, na huo huzibwa hospitalini, hauponi kwa kunywa maji mengi.

Kamera inayopinda, yenye leza, hupita njia ya mkojo bila tundu. Naiteua kwa asiyeweza kuacha dawa za kuzuia damu kuganda. Ila jiwe la milimita 25 linaweza kudai awamu mbili, na stenti (mrija mwembamba wa kupitisha mkojo) inayobaki ndani isiposimamiwa huota mawe yake yenyewe.

Upasuaji wa wazi umebaki kwa figo zenye umbo lisilo la kawaida, au pale vifaa vinapokosekana.

Jiwe lenye matawi mara nyingi hujengwa na bakteria. Otesha mkojo maabara kabla ya upasuaji, utibu kinachoota, kisha upeleke maabara na kipande cha jiwe lenyewe: mkojo unaweza kuwa safi ilhali jiwe limejaa wadudu.