Kujaza mfumo si kuukubali

Dhana: Mkuu akiwa mkali, mabadiliko yanashika.
Yanashika akiwapo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake walifanya jaribio na vikundi vya wavulana huko Iowa, Marekani. Kiongozi wa amri alipotoka chumbani, kazi ilizorota. Kwa yule aliyeshauriana nao, iliendelea. Walikuwa watoto, sawa. Lakini pita ofisi ya halmashauri siku mkurugenzi yuko Dodoma, utaona.

Dhana: Wote wamejaza mfumo wa tathmini ya kazi, basi wote wameukubali.
Hii ndiyo inayowapoteza wakuu wengi wa idara, iwe Mbeya, Iringa au Njombe. OPRAS, mfumo wa zamani wa fomu za kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, ilitaka mtumishi na msimamizi wake wakae, wakubaliane malengo ya mwaka, wapitie katikati na kutathmini mwisho. Wengi walijaza fomu zote kwa mkupuo, hasa kupanda daraja kulipokaribia. Sasa ipo PEPMIS, mfumo wa kidijitali uliochukua nafasi yake, na karatasi zimehamia kwenye kompyuta. Mazungumzo yale je, yamehama nazo?

Mwaka 2002, watafiti Herscovitch na Meyer wa Kanada walitofautisha sababu tatu za mtu kushikamana na mabadiliko: anaamini yana faida, anaona ni wajibu wake, au anaogopa hasara ya kuyakataa. Huyu wa tatu hutii, basi. Hatamwelekeza mwenzake wala kutafuta njia mfumo unapokwama. Muuguzi wa zahanati huko Rungwe anayeingiza kazi zake usiku kwa kuhofia daraja lake, kwenye ripoti anaonekana sawasawa na yule anayeamini.

Dhana: Wanaokaribia kustaafu ndio wakwamishaji.
Wamo, na vijana wamo. Mara nyingi kinachoitwa ukaidi ni mtandao unaokatika, nywila iliyopotea, au mafunzo ya siku moja yaliyofanyika mjini na kuhudhuriwa na mtu mwingine kabisa.

Dhana: Kiongozi wa hamasa hana haja ya taratibu.
Bernard Bass, mtafiti wa uongozi aliyeieneza sana nadharia ya uongozi wa kuleta mageuzi kwa kitabu chake cha 1985, hakusema hivyo. Kwake, kiongozi yuleyule huweza kuhamasisha na pia kuweka makubaliano ya wazi: ukifanya hili, unapata hili. Mtumishi aliyehamishiwa Makete na bado anadai posho yake ya uhamisho hawezi kusikiliza hotuba ya dira ya taasisi. Alipwe kwanza.