Msianze kwa Kugeuza Bakuli

Wiki hii nimeletewa tena picha ya kitako cha bakuli. Kitako tu: herufi sita za buluu ndani ya maduara mawili, na ujumbe, "Limeandikwa Chenghua, kwa hiyo ni la miaka ya 1465 hadi 1487, sivyo?" Sivyo. Nashughulikia kauri za China katika makumbusho ya Asia Mashariki na swali hili limenichosha.

Herufi hizo husomeka "kimetengenezwa zama za Chenghua, Ming Kuu", yaani zama za mfalme Chenghua wa nasaba ya Ming. Wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kauri nchini China, waliendelea kuziandika karne mbili baadaye, chini ya mfalme Kangxi (1662–1722), wala hawakuwa matapeli. Kauri ya Chenghua ndiyo iliyokuwa kipimo cha uzuri, na kuliandika jina lake kulikuwa kuwaenzi waliotangulia. Tena mwaka 1677 mkuu wa wilaya alikataza kuandika jina la mfalme aliyeko, chombo kisije kikavunjika likadhalilishwa. Mafundi wakaandika majina ya zamani, au wakachora jani, au wakaacha maduara matupu. Mwishoni mwa karne ya 19, alama ya Kangxi nayo ikaigwa.

Nionyesheni buluu yenyewe. Kwenye kauri ya zama za mfalme Xuande (1426–1435), kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu, yenye chuma kingi ilijikusanya hapa na pale, ikaacha madoa meusi yaliyozama kwenye mng'aro, ule utando wa kioo unaofunika udongo. Ukipitisha kidole unahisi vishimo. Mafundi wa karne ya 18 waliyapenda madoa hayo wakayaiga kwa ncha ya brashi, doa baada ya doa. Tazama kwa lenzi: ya brashi yamepangwa kwa mkono, ya Xuande yametokea pale rangi ilipotuama. Kisha ukingo wa kitako, usio na mng'aro, jinsi udongo ulivyokatwa. Kisha uzito. Alama naisoma mwisho.

Hata hivyo kuna vyombo nilivyovishika mara kumi nikabadili mawazo mara tatu. Kadi zake zimeandikwa kwa penseli, "karne ya 17 au 18". Kipimo cha maabara kinataka nitoboe chombo, na sitoboi.

Kwenye nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam, mabakuli ya China yalipachikwa uso nje, kitako ndani ya chokaa. Hapo hakuna alama ya kusoma. Unabaki na umbo, mng'aro na mchoro. Nipigieni picha hivyo hivyo: ubavu, ndani, ukingo. Kitako kije mwisho.