Dawa ya shaba kwa samaki wa maji ya chumvi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Madoa meupe yakitoweka, samaki amepona.

Ukweli: Imani hii imeua samaki wengi. Kimelea kinacholeta madoa hayo, Cryptocaryon irritans, hukaa siku chache kwenye ngozi na matamvua, kisha hujiachia chenyewe na kujifungia ndani ya kifuko, ambamo huzaliana. Kikiwa chini ya ngozi shaba haikifikii, na ndani ya kifuko pia haikifikii. Inachoua ni vichanga vinavyotoka kutafuta samaki wa kushambulia. Vifuko havipasuki kwa pamoja. Vingine huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana tiba hupelekwa hadi siku 30, hata kama ngozi imetakata siku ya tano.

Dhana: Ukifuata matone yaliyoandikwa kwenye chupa, inatosha.

Ukweli: Matone ni mwanzo tu; kinachotibu ni kiwango cha shaba kilichomo majini. Shaba ya kawaida, isiyofungwa, hufanya kazi kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Ile iliyofungwa kikemikali huhitaji takriban miligramu 1.5 hadi 2 kwa lita, yaani mara kumi. Ukizichanganya namba hizi, ama samaki wanakufa kwa sumu ama vimelea wanasalimika. Nunua kwanza kifaa cha kupimia kinacholingana na aina ya dawa yako, ndipo ununue dawa. Pandisha kiwango taratibu kwa siku kadhaa, pima kila siku, na kikishuka chini ya mpaka, anza kuhesabu siku upya.

Dhana: Weka dawa kwenye tangi kuu, itasafisha kila kitu.

Ukweli: Usithubutu. Kamba, konokono na matumbawe hufa kwa kiwango ambacho samaki anakivumilia, na mawe na mchanga wa chokaa hufyonza shaba. Tibu kwenye tangi la pembeni lisilo na mchanga, bila mkaa kwenye kichujio. Tangi kuu libaki bila samaki hata mmoja kwa wiki sita au zaidi.

Dhana: Shaba hutibu kila ugonjwa.

Ukweli: Hapana. Brooklynella (kimelea kingine cha ngozi na matamvua) na minyoo ya matamvua huhitaji dawa nyingine.

Dhana: Amonia ikipanda wakati wa tiba, ongeza dawa ya kuiondoa.

Ukweli: Baadhi ya dawa hizo, zikikutana na shaba iliyofungwa, huigeuza kuwa sumu kali kwa samaki. Badilisha sehemu ya maji, na maji mapya yatiwe shaba kwa kiwango kilekile kabla ya kuyamimina.